Vitambaa Sita vya Mipaka

Bi Editha amefariki. Nilipata habari asubuhi, nikajifunga khanga zangu nikaenda Magomeni, kwenye nyumba aliyohamia uzeeni, nikakaa mkekani pamoja na akina mama wa kanisani kwake. Chai ilipokuwa inapita, mmoja wao alisema marehemu alikuwa mvumilivu. Mwingine akasema kama yeye hakuna tena. Wa tatu akasema alimuuguza mumewe miaka yote ile mpaka akamzika, na hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika. Wakaitikia wote, na mimi nikaitikia, maana msibani mtu haanzishi ubishi. Lakini nilikuwa najiambia moyoni kwamba uvumilivu ni vazi tunalomvisha mwanamke akishakufa, ili asiwepo wa kuuliza alivumilia nini na kwa ajili ya nani. Binti mmoja aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu alikuja akapiga magoti mbele yangu. "Shikamoo, Bibi Tatu. Wameniambia wewe ndiye uliyemjua siku nyingi. Marehemu alizaliwa wapi?" Nikamwambia Nyasa. "Nyasa ya huku kwetu au ya Malawi?" Nikamwambia aandike Nyasa, basi. Aliniangalia kama watu wanavyomwangalia kikongwe aliyeanza kusahau. Sikuwa nimesahau. Swali lile lile nililisikia likiulizwa Kariakoo, mwaka wa vita na Uganda, na mtu aliyekuwa analijua jibu lake.

Habari za kwetu naziacha, hazina ladha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naandika vibao vya maduka na maneno ya nyuma ya malori, kazi ambayo watu walidhani ni ya wanaume mpaka waone herufi zangu. Fundi Damas, mchoraji, aliziona kwenye duka la mafuta ya taa Mtaa wa Sikukuu, akauliza nani kaandika, akaelekezwa. Alikuja akasimama mbele yangu bila salamu. "Herufi zako zimenyooka," alisema. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia hakuna. "Basi una bahati, hakuna aliyekuharibu. Njoo kwangu." Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega ya mpiga kasia, mtu wa Mbamba Bay, na alikuwa na tabia ya kusema ukweli kama mtu anayetema kokwa. Wengine waliona ni kiburi. Mimi niliona ni usafi. Sasa nimezeeka naona vilikuwa vyote viwili, na kwamba vilikuwa vinakula sahani moja.

Alipanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna jiko la makuti, bafu na kisima kilichofukiwa. Chumba kimoja walilala yeye na mkewe. Cha pili kilikuwa karakana, kina dirisha dogo na harufu ya mafuta ya kitani iliyokuwa inaingia mpaka kwenye wali. Hawakuwa na watoto. Bi Editha alishona kwa cherehani ya miguu pale ukumbini: magauni ya ubatizo, sare za shule, mashuka ya wageni. Mchana tulikula wote kwenye sinia moja, ugali wa unga wa yanga, ule wa njano, kwa sababu mweupe ulikuwa haupatikani, na dagaa wa Nyasa waliotumwa na ndugu, ambao yeye aliwaita usipa na kuwakaanga kwa nyanya mpaka mitaa ya jirani inatamani. Sukari ilikuwa adimu, chai tulinywa na tende. Fundi alipenda kusema wakati wa kula, na alikuwa anasema jambo moja tu mwaka ule: mipaka.

Afisa utamaduni mmoja alikuwa amemwahidi ukumbi karibu na Mnazi Mmoja kwa maonyesho ya mwisho wa mwaka, achore historia ya nchi. Wenzake wangechora wapiganaji na jembe na mwenge. Yeye alinunua amerikani, akaipaka uji na gundi, akaikausha juani, halafu akaanza kuchora vitambaa sita, kila kimoja kirefu kuliko mlango, juu ya mstari wa mpaka ulivyohamahama. Kitambaa cha kwanza hakikuwa na mpaka wowote, kilikuwa na njia tu, za chumvi, za pembe, za wake walioolewa mbali. Cha pili kilikuwa na meza, na juu ya meza mikono mieupe isiyo na miili, na rula, na mstari unaotoka pwani ukifika mlimani unapinda, unauzunguka Kilimanjaro kama mtu anavyozunguka dimbwi asichafue viatu. Cha tatu kilikuwa Kionga, kile kikona kilichoko ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma, ambako alimchora bibi mmoja akipika chungu kile kile, mafiga yale yale, na nyuma yake bendera zinabadilishana, ya Mreno, ya Mjerumani, ya Mreno tena, na bibi hajainua kichwa. Cha nne kilikuwa Rwanda na Burundi zikikatwa kutoka kwetu baada ya vita ya kwanza ya Wazungu. Cha sita kilikuwa Kagera: mto unaopinda kama nyoka, juu yake mstari umenyooka kutoka ziwani kwenda magharibi, na katikati ya mto na mstari kipande cha nchi alichokipaka rangi ya kahawia ya peke yake, migomba na watu, ili mtazamaji aone jinsi kipimo cha mezani kilivyoacha watu wetu upande wa pili wa maji.

Nimekiruka cha tano. Cha tano kilikuwa Ziwa Nyasa, na alimchora mkewe. Bi Editha amesimama majini, maji yamemfika magotini, anasugua sufuria kwa mchanga, na mstari mwekundu unapita nyuma yake ufukweni, kwa hiyo yeye, hatua chache kutoka mlangoni kwake, yuko nchi nyingine. Ndivyo Wamalawi walivyodai, kwamba ziwa lote ni lao hadi kwenye mchanga wetu. Kilichokuwa kinamchekesha Bi Editha ni kwamba yeye kweli alizaliwa kule ng'ambo. Baba yake alivuka na watoto kutafuta shamba, kama watu wa ziwa walivyokuwa wakivuka siku zote, naye Editha akakulia Mbamba Bay na akaolewa hapo. "Kwa hiyo nikiwa majini niko kwetu," alisema siku alipokuwa anachorwa, akiwa amesimama kwenye beseni uani, gauni limepandishwa, "na nikitoka majini niko kwetu. Fundi, nichore nikiwa katikati." Mumewe akamwambia anyamaze, anatikisa mguu. Lakini alikuwa anatabasamu, na mimi niliyekuwa nachanganya rangi niliona jinsi alivyokuwa anaupaka ule mguu, polepole, akirudia. Sikumwona tena akimtazama mkewe namna ile.

Vita ilianza vitambaa vikiwa vinakauka. Redio ya duka la jirani ilifunguliwa sauti ya mwisho, watu wakajazana barabarani: majeshi ya dikteta wa Uganda yameingia, yameua, yamechoma, na mwenyewe ametangaza kwamba mpaka sasa ni Mto Kagera. Hasira iliyoingia Kariakoo siku zile sijaiona tena. Vijana walipanga foleni kujiandikisha. Watu waliotafuta mchele wiki nzima waliutoa mchango. Maonyesho yakaahirishwa. Mtu mwingine angevikunja vitambaa vyake akaviweka uvunguni. Fundi Damas akasema, "Mtaa mzima unasema Kagera, Kagera, na hakuna anayejua Kagera iko wapi. Watoto wao wamekwenda kufia mahali wasipopajua." Akatoa kitambaa cha sita, akakitundika barazani, ukuta wa mbele, mbele ya wapita njia wote. Bi Editha alimwambia, "Baba, subiri watu watulie." Akajibu, "Wakitulia hawatauliza."

Na kweli waliuliza. Siku za kwanza walikuja vizuri, wanaume kwa wanawake, wakaonyeshwa hapa Bukoba, hapa Kyaka, hapa daraja. Halafu akaja Mama Sikujua, jirani wa mlango wa tatu, aliyeuza vitumbua asubuhi na ambaye mwanawe wa pekee alikuwa askari huko huko. Ilikuwa alasiri, watu wanatoka sokoni na vikapu. Alisimama mbele ya kile kitambaa muda mrefu, sahani tupu mkononi. "Fundi," alisema, "hapa kote umepaka kijani. Na hiki kipande mbona umekipa rangi nyingine?" Fundi angeweza kusema nimekipaka hivi kwa kuwa kinanuka damu. Angeweza kusema kwa kuwa ndiko aliko mwanao. Alisema kama alivyozoea. "Kwa sababu kilipatikana kwa rula, mama. Ungefuata maumbile ya nchi, mto ndio mpaka."

Mto ndio mpaka. Yalikuwa maneno ya redio, maneno ya yule muuaji, na yametoka kwenye kinywa cha jirani. Nilimwona Mama Sikujua akigeuka kuwatazama watu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba si masikio yake tu. "Mmemsikia?" aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa. Halafu akapiga kelele. "Mmemsikia! Anasema mto ndio mpaka! Mwanangu anakufa kule, huyu anasema mto ndio mpaka!" Akamrushia ile sahani, ikampata kwenye paji la uso. Fundi alianza kueleza. Mpaka leo huwa nafikiri kwamba angekimbia angepona; lakini alisimama barazani damu inamtiririka, anaeleza mkataba wa Mjerumani na Mwingereza kwa watu waliokuwa wanaokota mawe. Walimshusha barazani. Mimi na Bi Editha tuliwashika migongo, tukawavuta mashati, tukasukumwa ukutani. Watu hao nilikuwa nawajua. Mmoja aliniuzia ndimu kila siku. Mwingine kibao cha duka lake nilikiandika mimi.

Walipofika mgambo watatu nilishukuru, nikadhani wamekuja kumwokoa. Walitawanya watu, wakamwinua, wakamketisha kwenye ngazi. Mkubwa wao, kijana mwenye sauti ya upole, akakitazama kitambaa, akamuuliza, "Wewe ndiye uliyechora hii?" Fundi akaitika. "Unachorea mkono upi?" Na Fundi Damas, mtu aliyekuwa hajui kusema uwongo hata mdogo, akauinua mkono wa kulia akamwonyesha. Waliuweka juu ya ngazi ya saruji. Buti lilipanda mara mbili. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anavunja kuni za kuwashia moto, na Bi Editha ndiye aliyepiga ukelele, si yeye. Wakaondoka naye. Watu wakarudi kwenye vikapu vyao, kwa sababu nyanya zilikuwa zinaharibika juani.

Tulikwenda kila mahali kumuuliza. Tuliambiwa yuko ndani kwa usalama wake, tuliambiwa hayupo, tuliambiwa wenye mume kama huyo wakae kimya. Yule afisa utamaduni alikuwa safarini, kila tulipokwenda alikuwa safarini. Mvua za vuli zikaanza. Michango ya unga na maharage ilikuwa imerundikwa uani kwa ofisi ya tawi la chama, inangoja malori, na hapakuwa na maturubai, yote yalikuwa yamekwenda vitani. Ndipo Balozi Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, alipokuja na mwavuli wake. Alikuwa amekula kwenye nyumba ile mara nyingi. Suruali aliyovaa alishonewa na Bi Editha. Akaketi ukumbini, akaomba maji, akanywa. "Vile vitambaa vya mzee," alisema, "vimepakwa mafuta. Havipitishi maji. Vikiunganishwa ni turubai nzuri sana."

"Ni mali ya mume wangu, Balozi," Bi Editha alimwambia. "Arudi mwenyewe, umwombe."

"Mumeo hatujui atarudi lini." Akageuza glasi mkononi. "Na wewe, Bi Editha, kwenu hasa wapi? Nyasa ya huku, au ya kule?"

Bi Editha akainama akaokota vipande vya uzi sakafuni.

"Mimi sisemi neno," Balozi akaendelea, taratibu, kama anayemshauri dada yake. "Lakini wakati huu watu wanauliza uliza. Mume kachora mpaka wa adui, mke katoka nchi inayodai ziwa letu. Magari ya kusini yapo. Mtu anaweza akawekwa kwenye gari akafikishwa ufukweni, akaambiwa haya, vuka. Mumeo akitoka akute nyumba tupu. Ukishona, nitawaambia: huyu mama ni mwenzetu, kajitolea."

Alishona yeye, mimi nikashika pindo. Amerikani iliyoshiba rangi ni ngumu kama ngozi, na cherehani ililia. Tulianza na cha kwanza na cha pili. Sindano zilikatika, akaweka nyingine. Tulipofika kwenye cha tano nilimwambia tukigeuze, mchoro uangalie chini, akasema, "Rangi ndiyo inayozuia mvua, mwanangu. Ikiwa chini maji yatapenya kwenye uzi." Akaipitisha sindano kwenye pindo la gauni lake mwenyewe, yule aliyesimama majini, akaunganisha na Kagera. Vijana wa tawi walikuja wakalibeba lile turubai mabegani kama jeneza. Kabla ya lori kuondoka nilikwenda kuangalia. Lilikuwa limefungwa kwa kamba juu ya magunia, bibi wa Kionga amepinduka, mikono mieupe inaning'inia ubavuni. Lilikwenda na lori na halikurudi, na sijawahi kukutana na mtu aliyeliona.

Fundi alirudi masika. Hakushtakiwa, hakuombwa radhi. Aliingia uani amekonda, mkono wa kulia umejiunga vibaya, vidole vitatu vimeelekea kiganjani na haviinuki. Bi Editha alikuwa anachambua kisamvu, akaacha kila kitu akamkimbilia, akamshika kiuno. Yeye alikuwa anatazama juu ya kichwa cha mkewe, kwenye kamba tupu tulikokuwa tunaanika vitambaa vyake.

"Viko wapi?"

"Kaa kwanza, baba. Nikupe maji."

"Editha, viko wapi?"

"Walitaka turubai ya kufunika michango. Nimevishona."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Nilingoja amuulize kwa nini. Bi Editha naye alingoja, nilimwona, midomo imefunguka kidogo, maneno yako tayari. Fundi alimtoa mikono kiunoni, mmoja mmoja, akaingia karakana akafunga mlango. Tangu siku hiyo alilala humo. Hakumpiga, hakumtukana, majirani walisema jela imemtuliza. Aliacha tu kusema naye. Mimi ndiye niliyekuwa njia. "Tatu, mwambie huyo mwanamke maji ya kuoga hayajachemka." Na Bi Editha yuko hatua mbili, anasikia, anainuka kuchochea moto kabla sijafungua kinywa. Alimkatia nyama kwa sababu mkono haukuweza kushika kisu. Alimfunga vifungo, na wakati anamfunga, yeye alitazama pembeni kama mtu anayevishwa na upepo. Nguo za mumewe alizifua, za kwake mwenyewe hakuruhusiwa kuzianika kwenye kamba ile. Hakuwa anakula naye tena. Alikula jikoni, sufuriani, amesimama.

Nilivumilia kwa sababu nilidhani ni mshtuko, utapita. Kilichonitoa kwenye dhana hiyo ni vitumbua. Mwanawe Mama Sikujua alirudi kutoka vitani mzima, na mama yake, kwa shukrani au kwa aibu, alituma sahani ya vitumbua vya moto, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Niliileta nikijua ataitupa ukutani. Fundi alifunua, akanusa, akala kimoja, akala cha pili. "Mwambie ahsante," alisema. "Mwambie nimefurahi mwanawe amerudi." Na alikuwa anasema kweli, hakuwa na chembe ya kinyongo. Balozi Kondo alipopita kumjulia hali alimkaribisha kiti. Wote waliomvunja aliwasamehe, kwa kuwa, alivyoniambia siku moja, walikuwa hawajui wanachokifanya. Mtu mmoja tu katika Kariakoo nzima alikuwa anajua vile vitambaa ni nini, na huyo ndiye aliyekuwa hasameheki.

Siku ya kuwapokea askari, mtaa ulikuwa umehamia Mnazi Mmoja tangu alfajiri. Ngoma na vigelegele vilitufikia uani, sisi watatu peke yetu katika nyumba nzima. Fundi alikuwa kwenye kiti chake anaisahihisha kazi yangu, anasema mistari yangu imenyooka lakini haina kitu ndani. Nilikuwa na uchungu wa miezi. Nikaweka brashi chini.

"Fundi, kuna jambo hulijui," nilisema. "Mama hakupenda kushona. Balozi alimtisha. Alimwambia asiposhona atarudishwa ng'ambo, atapakiwa kwenye gari avushwe ziwa, na wewe ukitoka hutamkuta. Alishona ili akungoje. Amekaa kimya kwa sababu hujamuuliza."

Fundi hakushtuka. Aliutazama mkono wake uliopinda.

"Najua," alisema. "Kondo aliniambia mwenyewe, wiki niliyorudi. Aliomba msamaha."

"Unajua? Sasa mbona—"

"Angekwenda," alisema. "Angewaacha wampakie. Ng'ambo ni kwao, wapo ndugu zake, wasingemla. Ziwa lile watu huvuka na kurudi. Angenirudia, mwaka huu au mwakani. Vile havirudi."

Nilisikia kitu nyuma yangu nikageuka. Bi Editha alikuwa amesimama mlangoni kwa jiko na sinia mkononi. Alikuwa amepika wali mweupe, sijui aliupata wapi, na usipa wa nyanya, kwa ajili ya sikukuu. Alikuwa amesikia lote, hapakuwa na njia ya kutosikia. Nilimngoja aiangushe ile sinia. Nilimngoja aimwage kichwani kwa mumewe, ningemsaidia. Alikuja akaiweka mbele yake, akamnawisha mkono wa kushoto, akamchambulia dagaa vichwa, kama kila siku. Fundi akala tonge la kwanza. Huko Mnazi Mmoja watu walikuwa wanashangilia.

"Chumvi imetosha?" Bi Editha alimuuliza.

Fundi alitafuna, akameza.

"Imetosha," alimjibu.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa uso tangu masika. Bi Editha alivuta kigoda, akaketi upande wa pili wa sinia, akaanza kula naye. Niliutazama uso wake kwa muda mrefu, nikitafuta hasira, nikitafuta hata machozi. Alikuwa amefurahi.